Gawanya pande zote mbili kwa…

Kijana wa kidato cha tatu, jirani yangu hapa Kondele, alinijia na simu yake juzi. Ukurasa wa marudio nilioutengeneza mwenyewe ulikuwa umemkwamisha. Juu kulikuwa na 3x + 7 = 22, chini yake 3x = 15, na pembeni maelezo: "Gawanya pande zote mbili". Kwa ngapi? Ile "kwa 3" ilikuwa imetokomea nje ya kioo.

Kosa langu. Maelezo niliyaandika kwa LaTeX, msimbo wa kupangia hesabu, ndani ya hesabu yenyewe, na maandishi yaliyo ndani ya fomula hayajikunji kwenda mstari wa pili. Kiingereza kilitosha kwa maneno mawili na tarakimu. Kiswahili kikataka matano.

Hata hivyo sikuyaweka humo kwa uvivu. LaTeX hukuruhusu kutia alama ya & mbele ya kila =, kisha alama zote za sawa zinasimama wima kama nguzo za ua. Mwanafunzi anashuka na macho, anaona nini kimebadilika kushoto na nini kulia. Walimu wa hesabu hulisisitiza hilo ubaoni, na wana haki.

Shida ni mtafsiri. Rafiki yangu alitaka kuongeza Dholuo, akajikuta akitembea katikati ya mikwaju (\) na mabano ya msimbo. Alifuta bano moja tu, hesabu nzima ikageuka maandishi mekundu. Maelezo yakikaa nje ya fomula, anayetafsiri anashika sentensi tu, na sentensi inajikunja popote kioo kinapoishia.

Lakini ukiyatoa nje, kila mstari unakuwa hesabu ya peke yake, na nguzo zinayumba. Unaweza kuukata mlinganyo vipande vitatu katika jedwali: upande wa kushoto, alama, upande wa kulia. Kwa macho, safi kabisa. Kwa mwanafunzi asiyeona, kama wale wa shule ya wasioona ya Kibos, programu ya kusoma kwa sauti inamtajia vipande, seli baada ya seli, si mlinganyo. Hiyo kwangu ni bei kubwa mno kwa unadhifu.

(Angalau uzito wa ukurasa umepungua. MathML, lugha ya kuonyesha hesabu kwenye kurasa za wavuti, ilipitishwa 1998, lakini Chrome ilianza kuionyesha ipasavyo Januari 2023, toleo la 109. Kwa simu yenye toleo hilo au jipya zaidi, hakuna haja ya kupakua programu ya ziada ya kuchora hesabu kwa bando la mtoto.)

Kwa hiyo nimeyatoa nje. Kwenye kompyuta maelezo yanakaa kando. Kwenye simu yanashuka chini ya mstari wake. Mstari unaosomeka wote naupendelea kuliko ulionyooka na kukatika.

Yule kijana ameufungua tena. "Kwa 3" ameiona. Kisha akaniuliza, "Lakini braza, mbona alama za sawa haziko laini moja? Mwalimu angenikata maksi."