Mtungi Wangu Umefika Bagamoyo

Nilitumwa gesi. Naomba hilo lieleweke mwanzo kabisa, maana nyumbani mpaka leo kuna mtu anasema nilipanga. Mtu aliyepanga kwenda baharini havai kandambili za chooni, moja ya bluu nyingine ya kijani, wala habebi mtungi mtupu wa kilo 6 begani. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, Sinza. Mfukoni nina sh 25,000 za gesi na sh 5,000 za nyanya na dagaa. Jikoni nimeacha maharage yamekatikia njiani.

Duka naliona kwa macho. Ndipo IST ikasimama mbele yangu. Kwenye usukani Kinyozi, pembeni yake Dalali, nyuma Fundi Simu na jamaa mmoja anayeitwa Shemeji, ambaye sijui ni shemeji wa nani.

"Kaka, ingia tukusogeze."

Kunisogeza wapi, na duka ndilo hilo? Lakini jua la Dar saa nne halikuachi ufikiri. Nikaingia, mtungi nikaupakata kama mtoto wa kliniki. Duka likapita. Nikasema, "Jamani, duka." Dalali akageuka, "Tulia, tunafika Bagamoyo mara moja."

Mara moja! Makumi ya kilomita, mtu anakwambia mara moja, utadhani anachungulia kama mvua imekatika. Nikawaambia mimi nimetumwa. Kinyozi akauliza, "Kwani Bagamoyo hawapiki? Gesi utanunua hukohuko." Na hapa nikiri: kama sekunde tatu hivi, ile hoja niliiona ina mashiko. Ndizo zilizoniponza.

Mwenge taa ya mafuta ikawaka. Kinyozi akaingia sheli, akazima gari, akatulia. Mhudumu kashika bomba, anatutazama. Dalali ghafla ana ujumbe mrefu wa kusoma. Fundi Simu, mtu anayetengeneza simu za mtaa mzima, simu yake imezima chaji. Shemeji amelala fofofo, na dakika mbili zilizopita alikuwa anaimba. Gari zima mwenye keshi ni nani? Mwanaume aliyetumwa gesi.

"Weka ya 20,000," Kinyozi akamwambia mhudumu, kisha akanigeukia kwa upole, "nitakurushia jioni."

Hili neno "nitakurushia" sijui nani alilileta mjini. Zamani mtu akikosa hela alikwambia sina, mnaachana mna heshima zenu. Siku hizi hakuna asiye nayo. Wote wanayo, ila iko njiani inarushwa. Mimi narushiwa tangu mwaka juzi, na sijawahi kudaka.

Basi, gesi ya mke wangu ikageuka petroli, tukapita Tegeta, tukapita Boko. Bunju tukasimama Shemeji anunue maji, na hapo hapo simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Niko hapa kwenye foleni."

"Foleni ya gesi?"

"Eeh, ndefu kidogo."

Nyuma yangu konda akapasua koo: "Bagamoyo! Bagamoyo! Bagamoyo mbili nafasi!"

Kimya. Halafu mama watoto akauliza taratibu, "Huyo anayeita Bagamoyo naye kafuata gesi?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Njia ile ina vibao vya 50 kama sherehe ina mapambo. Kinyozi yeye anavisoma kama ushauri. Mbele kidogo afande kachomoza na tochi, tumekutwa na 63. Akachungulia ndani, watu watano na mtungi.

"Mnauza gesi?"

"Hapana afande, nimetumwa."

"Kutoka wapi?"

"Sinza."

Alinitazama kwa huruma ambayo sijaipata hata kwa ndugu. Huruma yenyewe haikugusa faini: sh 30,000, karatasi ikatoka na namba ya kulipia. Kinyozi akasema gari ni lake lakini mwendo ulikuwa wetu sote, tutachanga. Mnajua tena kuchanga.

Tulianzia Kaole, kwenye magofu. Milango ya ile IST haijifungi, kwa hiyo nikashuka na mtungi, maana mtungi mtupu nao ni hela. Mwongozaji akatueleza vizuri sana: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye minara iliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Kumbe mzigo wa China haukuanzia Kariakoo! Mimi nilivutiwa kweli. Dalali yeye alipima eneo kwa hatua, akauliza kama lina hati.

Pana mbuyu pale, wanaamini ukiuzunguka unaongezewa umri. Kinyozi akazunguka mara saba. Wenzake walimcheka, mimi nilimhimiza aongeze. Namtaka aishi mpaka anirushie.

Mjini tulipita kwenye mnara wa kanisa ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, karibu miezi tisa kwa miguu. Mwongozaji akaongeza kwamba wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu walikuwa wakifika hapa wanatua mizigo, wanashusha pumzi, na ndiyo maana wengine husema jina limetokana na "bwaga moyo". Wote wakatikisa vichwa kwa hisia. Halafu wakanigeukia mimi na mtungi wangu. Miaka yote hiyo kila mtu anabwaga Bagamoyo, nimekosekana mimi tu.

Bahari sasa. Tulifika maji yamekupwa. Bagamoyo maji yakipwa yanahama kabisa, unaona matope na majahazi yamelala ubavu, bahari yenyewe unaoneshwa kwa kidole. Mwongozaji alisema meli kubwa hazikuweza kusogea ufukweni pale, na ni moja ya sababu za Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar mwaka 1891. Dalali akaguna, "Ndiyo maana viwanja vikashuka." Tukayafuata maji kwa miguu, kandambili ya bluu ikabaki kwenye tope. Mpaka leo iko huko.

Jioni wakaagiza pweza na samaki wa kukaanga na ugali wa kulisha msiba. Bili ilipokuja Shemeji akalala tena. Ana kipaji yule. Nikakopa kwenye simu, kiasi sitakitaja maana anayesoma hapa anaweza akawa mke wangu. Gesti wakasema chumba kimoja mwisho watu wawili, na chumba tulichomudu ni kimoja. Tukapiga kura. Kura ilipigwaje sijui, ila mimi na mtungi tulilala kwenye gari, na mbu wa Bagamoyo walikuja kwa ukoo.

Jumapili asubuhi nikatafuta gesi. Gesi ipo, tena ya kumwaga. Tatizo hela ya gesi ndiyo iliyotufikisha. Nikafikiri kiume: nikaenda mnadani ufukweni, nikanunua samaki wawili wa maana kwa salio la mkopo. Mwanamke akiona samaki anapoa, ndivyo Dalali alivyonihakikishia. Dalali ameachwa mara mbili.

Kurudi sisimulii. Ni foleni tu kutoka Bunju, watu watano, samaki wawili, barafu imeyeyuka, na madirisha ya nyuma hayashuki.

Saa mbili usiku nimesimama mlangoni, mguu mmoja na kandambili ya kijani, mwingine peku. Mama watoto hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuchukua mtungi, akautikisa, akauweka chini polepole. Kumbe tangu jana wamepika kwa jirani, kwa mkaa. Akafungua mfuko, akawageuza wale samaki mmoja mmoja.

"Wazuri," akasema. "Haya, wakaange."

Akaingia ndani.

Nimebaki pale barazani, na simu ikatoa mlio. Kinyozi amenirushia. Moyo ukaruka, nikafungua upesi: picha 14. Ya kwanza nimeukumbatia mtungi chini ya mbuyu, natabasamu. Na chini ameandika kwamba zote alishaziweka stetasi tangu jana saa saba.

Mke wangu ananyolea watoto kwa Kinyozi. Namba yake anayo.