Hai Rui: uadilifu wake ulimfaa nani?

Ratili chache za nyama zilitosha kuwa habari. Hu Zongxian, kamanda mkuu wa ukanda wa kusini-mashariki mwa China, aliwasimulia watu kwamba Hai Rui, mkuu wa wilaya ya Chun'an, kanunua nyama kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mama yake. Mtu huyo, mzaliwa wa kisiwa cha Hainan mwaka 1514, alikula mboga alizolima mwenyewe, wakati wenzake wakiishi kwa "ada za mazoea", yaani malipo yasiyo halali waliyotoza.

Wanaomsifu huanzia mwaka 1566. Alimwandikia mfalme Jiajing wa nasaba ya Ming waraka wa kumweleza kwamba amezama katika kusaka dawa ya kutokufa na ameutelekeza utawala. Kabla ya hapo alikwisha nunua jeneza na kuwaaga jamaa zake. Mfalme alipofoka akamatwe asije akatoroka, towashi mmoja wa ikulu akamweleza habari za lile jeneza: huyu hana mpango wa kukimbia. Akatiwa gerezani, akaachiwa baada ya mfalme kufa. Alipopewa habari za kifo hicho alilia hadi akatapika. Hakuwa mwasi hata kidogo, jambo ambalo mashabiki wake husahau.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1569 alipewa kutawala eneo tajiri la Suzhou na jirani zake. Alichimbua mto Wusong uliojaa tope, kazi ambayo hata mahasimu wake hawakuweza kuibeza. Lakini akawabana matajiri warudishe ardhi za wakulima, hata Xu Jie, waziri mkuu mstaafu aliyemtetea asinyongwe. Kesi ikiwa na utata, kanuni yake ilikuwa afadhali aumie tajiri kuliko maskini, mjanja kuliko mjinga. Hapo mimi namlaumu: hiyo ni huruma, si sheria, na huwafungulia mlango wazushi wa madai. Mwaka 1570 alikuwa keshaondolewa.

Tatizo kubwa zaidi ni tiba yake. Mishahara ya maofisa wa Ming ilikuwa duni mno, na zile ada haramu ndizo zilizoendesha ofisi. Hai Rui hakudai mishahara ipandishwe. Uzeeni alitaka irejeshwe adhabu ya mwasisi wa nasaba, ya kuwachuna ngozi wala rushwa. Zhang Juzheng, waziri mkuu wa miaka iliyofuata, ambaye mikono yake haikuwa safi, alirekebisha kodi na hazina ya dola, na hakumpa Hai Rui kazi miaka yote aliyoshika madaraka.

Alifia Nanjing mwaka 1587. Mwenzake aliyeingia chumbani aliona pazia la kitambaa duni na masanduku chakavu, akalia, kisha akaanza kuchangisha fedha za mazishi. Jeneza likisafirishwa kwa mashua, watu wa kawaida walijipanga kingo zote mbili wakiwa na nguo nyeupe za msiba. Nikiwafikiria hao, lawama yangu juu ya kanuni yake ya mahakamani hupungua makali, ingawa haiishi.