Ovadraivu ilivyomuumbua shangazi

Wale mshapanda Land Rover ya zamani mnanielewa. Pikapu yangu ni Series III, hizi za 1971 mpaka 1985, gia ni nne tu, na ukifika 80 injini inalia mpaka aliyekaa ubavuni mwako akitaka kukwambia neno lazima akutie mdomo sikioni apige kelele. Nguvu inazo wallahi, ila gia zake zilipangwa kwa shamba na matope, si kwa lami ya Malindi Kilifi.

Basi nikapata ovadraivu ya Fairey, iliyotumika, imetolewa kwa gari iliyokwisha kufa. Chuma hicho hufungwa nyuma ya transfa (ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), pale pale panapofungwa mashine ya winchi, na wengi hudhani ni gia ya tano, hapana, kila gia inapata mdogo wake, nne zinakua nane, ata rivasi nayo inapata (nani anataka kurudi nyuma mbio jamani). Injini inapunguza mizunguko kama moja ya tano kwa mwendo ule ule. Fundi akang'oa kiti cha kati na lile bati la chini yake, akapambana na bolti za tangu enzi ya Mzee Kenyatta huku akizitukana kwa Kigiriama, alafu akatia oili ya 90 akanionya niwe naichungulia kila mara maana inabeba oili kidogo mno. Sasa pale kati kuna liva nne: ya gia, nyekundu ya transfa, njano ya fo-wili, na hii mpya. Anayekaa kati ndio zake hizo, kila goti na liva lake.

Safari ya kwanza ya maana ikawa ni ya kupeleka posa ya mdogo wangu Kilifi. Wanaume nyuma na sinia za halua, mbele mimi, shangazi kati, na dirishani mama mdogo wake bibi harusi, alikua Malindi kwa shughuli zake tukaona aibu apande matatu na sisi twaenda huko huko. Mama mpole, amejifunika buibui lake, anatazama minazi.

Mpaka Gede tukaenda na gia nne za kawaida, kelele tele. Shangazi akaona huo ndio wasaa. Akaniinamia sikioni akaanza kumwaga, kwa sauti yote aliyojaaliwa, na mimi natikisa kichwa tu. Tukaingia ule mnyoofu unaopita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, nikasema hapa ndipo, nikakanyaga klachi, nikavuta ile liva.

Injini ikanyamaza. Yani si kunyamaza kabisa, ikawa inanong'ona. Na shangazi hakupata habari.

"HAWA WATU MAHARI WAMEIPANDISHA KAMA WANAUZA SHAMBA LA MINAZI NA KISIMA CHAKE!"

Kimya. Nyuma nikasikia mtu akikohoa. Yule mama wala hakugeuka, akasema taratibu, "Na kisima chenyewe maji yake matamu."

Shangazi akanibana paja nusura nipige yowe. "Rudisha! Rudisha makelele!" Namwambia shangazi tulia kwanza nakanyaga klachi, wapi, mkono wake ushateremka kwenye zile liva, akashika ile nyekundu akaivuta kwa hasira zote za ukoo wetu. Nyekundu ni ya transfa, ukiivuta nusu inakaa nyutro. Makelele kweli yakarudi, injini ikavuma kuliko mwanzo, lakini gari ndio haiendi, tukawa twateleza polepole mpaka tukasimama karibu na Matsangoni mbele ya wauza korosho, wakatukimbilia wote dirishani.

Nikazima, nikairudisha liva mahali pake. Shangazi akanunua korosho za kila mtu, kwa mama yule akamnunulia pakiti mbili, na mpaka Kilifi hakusema ila "eeh" na "inshallah".

Posa ilikubaliwa, mahari haikushuka ata shilingi. Jioni tukiaga yule mama akanivuta pembeni akaniuliza kile chuma chauzwa wapi, mumewe naye ana Land Rover kama yangu na kila safari huwa amwona mdomo wacheza tu hamsikii, miaka yote hio ye amjibu tu "ndio".