Mkojo wa asubuhi, jibu la jioni

Niliwahi kusaidia kupima mkojo wa timu ya mieleka. Vichupa vilikusanywa alfajiri, vikawekwa mezani karibu na dirisha, jua likavipata, na jioni ndipo tukavishika. Kimoja kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Mwenyewe akasomeka 1.021, akaambiwa hanywi maji. Kijana akabisha weee, mwisho akanyamaza.

Namba hiyo hulinganisha uzito wa mkojo na wa maji ya ujazo uleule; maji matupu husoma 1.000. Mkojo ukizidi 1.020, wengi huhesabu kwamba mwili umepungukiwa maji. Kwa wanamieleka wa vyuo vya Marekani kikomo hicho si mchezo: vijana watatu walikufa mwaka 1997 wakijikausha ili kupunguza uzito, na kanuni za kupima mkojo zikaja baada ya hapo. Sasa namba ya kuamua jambo zito namna hiyo, unaitoa kwenye kichupa kilichoota jua?

Maoni yangu ni kwamba mkojo upimwe palepale. Refraktomita, kifaa kinachosoma namba hiyo kwa mwanga, inataka tone moja tu na nukta chache za muda. Sababu ya kungoja mara nyingi ni uvivu wetu.

Ikibidi kungoja, funga kifuniko kisawasawa, andika saa, tia kwenye friji ya nyuzi 4 hivi, na upime ndani ya siku moja. Nje ya friji, usipitishe muda wa saa mbili. Bakteria wakipata joto hugeuza urea kuwa amonia. Harufu ile kali ndiyo hiyo. Kichupa kilicholegea nacho hupoteza maji kwa mvuke, chumvi ikabaki, namba ikapanda.

Friji nayo ina vituko vyake. Mkojo ulikuwa mwangavu kama chai ya rangi iliyozimuliwa, unautoa umefanya ukungu, na chini umekaa unga. Hizo ni chumvi zilizojitenga kwa baridi. Ukichovya juu tu, unapima mkojo uliopungua chumvi. Uache kwanza baridi imwishe, kichupa ukipinduepindue taratibu, na yale matone yaliyoganda chini ya kifuniko uyarudishe ndani, kwani ni maji ya mkojo uleule. Kwenye friza usiupeleke kabisa: ukishaganda, si vyote vilivyojitenga hurudi kuyeyuka. Vichupa vyenye dawa ya kuhifadhia navyo viache kwa kazi nyingine, maana dawa yenyewe huongeza namba.

Wapo watakaosema tofauti ni ndogo. Ni ndogo, ndiyo. Lakini kati ya 1.020 na 1.021 pana mtu anayeruhusiwa na mtu anayezuiwa.

Yule kijana tulimpima tena kesho yake, mkojo ukiwa bado na joto. Akasoma 1.014. Huenda alikunywa maji usiku kucha kwa hasira, sijui. Hakuna aliyemwomba radhi, mimi nikiwemo.