Kila Kanuni Ina Baba Yake

Watoto wa chini ya miaka 12 wanataka kucheza mpira. Hilo tu. Lakini mkononi nimeshika makaratasi yaliyobanwa pini, yameandikwa "Kanuni na Taratibu za Bonanza", yana vifungu, yana vifungu vidogo, yana mpaka mhuri. Mhuri wenyewe ni wa stoo ya mbao, maana mwenye stoo ndiye mdhamini. Mkataba wa chumba ninachopanga hapa Mbagala hauzidi nusu ukurasa, na mwenye nyumba hajawahi kunisumbua. Haya ya watoto kupiga mpira hata kuyakunja yamenishinda.

Na usidhani aliyeandika alikaa chini akatafakari. Thubutu! Kila kifungu humu kina baba yake mzazi, na wengi nawajua, tunasalimiana asubuhi kituoni. Mtu anafanya ujanja wake Jumamosi, kamati inakaa usiku, Jumapili tunaamkia kifungu kipya.

Idadi ya wachezaji ni saba kila upande, kipa ndani. Hapo sina ugomvi. Uwanja wenyewe ni kipande kilichobaki kati ya gereji na ukuta wa msikiti. Ukiingiza watoto 22 humo wengine watausikia mpira kwa jirani. Mzee mmoja wa kamati aling'ang'ania kumi na moja, "kama Ulaya". Nikamwambia, mzee wangu, hao Ulaya wenyewe watoto wao wanaanza wachache wachache, uwanja mdogo na goli dogo, ili kila mmoja aguse mpira. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Msimamishe humo mtoto wa darasa la tatu, anafanana na mtu aliyeachwa na daladala ya mwisho. Akakubali, lakini alinuna mpaka chai ilipokuja.

Sasa goli letu. Mirunda miwili, mwamba hakuna. Mwamba ulikuwepo, mama ntilie akaupikia maharage, tumesamehe. Kwa hiyo kanuni ikasema mpira ukipita juu kuliko kipa anavyoweza kufikia, si goli. Inaeleweka, si ndiyo? Basi kocha wa mtaa wa pili akaenda kutafuta kipa. Jamani! Sijui alimtoa chekechea ipi. Katoto glovu zinafika viwikoni, jezi inaburuza chini. Mpira ukipigwa usawa wa kifua, kocha mikono juu: "Hiyo juu, refa! Hajaifikia!" Wamemaliza hatua ya makundi nyavu hazijatikisika, kwanza nyavu zenyewe hazipo. Ndipo kikazaliwa kifungu cha 4(c): kimo cha goli kitapimwa kwa refa, siyo kwa kipa. Na refa wetu ukitaka kumtazama usoni lazima urudi nyuma hatua tatu. Leo magoli yanahesabiwa mpaka yanayopita juu ya nyaya za umeme.

Huyo refa ni dalali wa vyumba. Dakika 15 kila kipindi, na saa iko kwenye simu yake, simu ile ile wanayompigia wateja. Filimbi mdomoni, simu sikioni: "Chumba na sebule, mita ya LUKU ya kujitegemea, choo ndani... faulo hiyo! ...hapana dada, siyo wewe, nakuja." Kwenye futsal, ule mpira wa ndani wa watano watano, saa husimamishwa kila mpira unapotoka. Kwetu saa husimama chaji ikiisha. Kuna nusu fainali ilichezwa mpaka adhana ya magharibi kwa sababu mteja alikuwa anaomba apunguziwe kodi.

Lakini penye kunichemsha damu ni umri. Timu moja imeleta beki wa kati. Amekuja na bodaboda. Hakupakiwa, ndugu yangu, ameiendesha yeye, na nyuma amempakia kocha! Cheti cha kuzaliwa anacho, kimefunikwa nailoni, hakina hata alama ya mkunjo, kinasema kazaliwa 2014. Alipouliza "mechi saa ngapi?", mbwa wa gereji wakanyamaza. Tukahoji. Kocha wake akasema ni mwili tu, kwao wanakunywa maziwa. Ndevu je? Nazo za maziwa?

Hawa vijeba hawakuanzia Mbagala. FIFA wenyewe waliwachoka, na kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009 wakaanza kupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Mfupa ukionekana umeshaungana kabisa, kijana unaombwa ukashangilie jukwaani. Sisi mashine hiyo tutaitoa wapi? Kamati ikaamua tutumie kipimo cha wazee: pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Nikanyoosha kidole. Waheshimiwa, kipimo hicho kilikuwa cha kujua kama mtoto amefika umri wa kuanza darasa la kwanza. Anayelishika sikio ndiye mkubwa! Nikaambiwa nakwamisha maendeleo. Watoto wakapangwa mstari. Wote wakashika masikio, isipokuwa wawili: yule kipa wa chekechea, na beki wa bodaboda, aliyedai bega linamuuma. Kamati ikaandika kwa wino wa bluu: hajafikia sikio, ni mtoto halali. Wengine wote wako chini ya uchunguzi, akiwemo wa kwangu.

Kuotea hakuna. Hata futsal hawana, kwa hiyo tuko sawa na dunia. Ila fowadi mmoja aliposikia hakuna kuotea, akahamia kwa kipa wa wapinzani. Anakaa hapo mechi nzima. Wamezoeana, wanapiga soga, wanachangia pakiti moja ya ubuyu. Siku mpira ulipomfikia, akageuka akafunga huku mwenzake ana kokwa mdomoni. Mama wa kipa aliingia uwanjani na kanga moja mabegani, nyingine akiifunga kiunoni huku anakimbia, na sisi wanaume wote tukakumbuka tuna shughuli nyumbani. Soma kifungu cha 9 utaelewa: "Mchezaji haruhusiwi kula chochote cha mpinzani."

Kuna cha wazazi kukaa nyuma ya kamba. Waingereza nao chama chao cha soka kilianzisha kampeni ya heshima mwaka 2008, wazazi wakatengewa sehemu yao pembeni ya uwanja, kumbe maradhi ni yale yale. Kamba yetu ilifungwa asubuhi. Kufika saa sita ilikuwa imeanikwa mashuka, na mwenye mashuka anadai mpira ukiyachafua timu zote mbili zinafua.

Kwenye vitu vya gizani, yaani ushirikina, sitakaa sana. Kifungu kinasema marufuku kuvunja yai golini. Baba yake ni mtu mzima, ana kadi ya bima ya afya. Na siwezi kumcheka sana, maana hata ligi yetu kuu klabu zimewahi kutozwa faini kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja. Sisi uwanja hauna mlango. Timu moja ikapita juu ya paa la gereji.

Halafu rufaa. Ukitaka kulalamika, shilingi 10,000, hazirudishwi hata ukishinda. Kamati ya rufaa ni ile ile kamati ya mashindano, ila mwenyekiti anahamia kiti kingine. Nililipa kuhusu yule beki. Nikapewa risiti ya mbao: "Mbili kwa nne, vipande kumi." Nikauliza hii ndiyo nini, nikajibiwa mdhamini hana kitabu kingine.

Sasa mbuzi. Zawadi ya mshindi ni mbuzi, na walimfunga kwenye kigingi karibu na kona ili watoto wapate hamasa. Nusu fainali ya pili, dakika za lala salama, mpira unaelekea golini, kipa kalala upande mwingine, mbuzi kakata kamba. Mpira ukamgonga ubavuni ukatoka. Waliokoswa goli wanataka goli. Waliookolewa wanasema mbuzi ni mchezaji wao wa nane, kwa hiyo wako tayari apewe kadi, lakini goli hapana. Mimi nikasema jamani, sheria za mpira zipo: kitu cha nje kikiingilia hivyo, refa anasimamisha mchezo na kudondosha mpira. Refa akaniuliza, "Wewe chumba chako kodi inaisha lini?" Nikanyamaza.

Kifungu cha 23 kimetoka jana usiku. Kinasema mbuzi ataliwa siku ya fainali, hapo hapo uwanjani, kuepusha migogoro. Kichwa ni cha mdhamini. Mguu wa nyuma ni wa refa. Mguu wa pili ni gharama za uendeshaji. Mbavu kamati, maini mwenyekiti kwa sababu za kiafya, ngozi serikali ya mtaa. Mabingwa watapata supu, "kwa kuzingatia umri wao". Nimeuliza mabega yameenda wapi, nimeambiwa hilo ni suala la rufaa, niende na 10,000.

Fainali saa kumi. Yule beki kijeba ameshafika, nimemwona anapiga kisu jiweni. Wamempa yeye kazi ya kuchinja, wanasema ndiye mtu mzima pekee aliyejitolea.