Zawadi za kampuni msimu wa korosho: nani apewe, nani asipewe

Kila Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, mavazi ya watu wa Masasi, Newala na Tandahimba hubadilika. Zinatokea kapelo za benki, fulana za kampuni za simu, miamvuli ya wauza pikipiki, kanga zenye nembo kwenye pindo. Kila mwenye biashara anajua kwamba fedha ya mwaka mzima huingia kusini mwa Tanzania ndani ya miezi michache, na anataka jina lake liwe karibu na mkulima siku malipo yanapofika kwenye akaunti. Je, vitu hivi vinamjengea mtoaji soko, au vinakula mtaji wake na kuishia kuwa matambara ya kupigia deki? Wanaotetea zawadi wana hoja, na wanaozipinga wana hoja. Mimi naona mjadala wenyewe umekaa vibaya. Tunabishana sana kuhusu kitu gani kitolewe, na kidogo mno kuhusu nani anakipokea.

Nianze na wanaotetea zawadi, kwa sababu hawabahatishi. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani, Dennis Regan, alichapisha jaribio dogo: mtu aliyepewa soda bila kuiomba alinunua tiketi nyingi zaidi za bahati nasibu kutoka kwa aliyempa, karibu mara mbili ya yule ambaye hakupewa kitu. Kilichoshangaza ni kwamba hata wasiompenda mtoaji walinunua. Watu wa Lindi na Mtwara hawakuhitaji jaribio hilo ili kulijua jambo lenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Mwenye duka anayepeleka kilo za mchele kwenye msiba wa mteja, au anayechangia sukari watoto wanapotoka jandoni, anakumbukwa kwa miaka, na jirani yake mwenye bei nafuu asiyeonekana popote hana anayemzungumzia. Biashara huku imejengwa juu ya kujuana. Zawadi ni sehemu ya kujuana huko tangu zamani, kabla ya kampuni yoyote kuanza kuchapa nembo.

Hoja ya pili ya watetezi ni ya hesabu. Wapinzani husema: badala ya fulana, punguza bei. Inasikika vizuri. Tuchukulie mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana milioni tatu za kujitangaza. Fulana ya shilingi 10,000 itampatia fulana 300. Akizigeuza fedha hizo kuwa punguzo la shilingi 500 kwa kila mfuko wa saruji, zitakwisha baada ya mifuko 6,000. Mjenzi anayenunua mifuko 40 ataokoa shilingi 20,000, fedha ambayo ataifurahia jioni ile na kuisahau kabla nyumba haijafika lenta. Halafu jirani wa mwenye duka naye atapunguza, na wote wawili watabaki na faida nyembamba. Zawadi inakaa nyumbani kwa mteja, inaonekana na wageni wake, na mshindani hawezi kuifuta kwa kubandika bei mpya mlangoni. Hapo nakubaliana na watetezi, kwa sharti kwamba kitu chenyewe kinastahili kukaa nyumbani.

Na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Kanga ni mfano mzuri, kwa sababu hakuna zawadi inayofanya kazi ndefu kuliko kanga: inabeba mtoto, inaingia shambani, inakwenda msibani, inafunika mgonjwa. Lakini kanga ina adabu yake. Mwanamke wa Mikindani au Kilwa huchagua kanga kwa maneno yaliyoandikwa chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na maneno hayo yanasema kitu kwa niaba yake. Kampuni inayofuta msemo na kuweka namba ya simu, kisha ikatandaza nembo katikati ya mji, imetoa bango la kitambaa. Litavaliwa jikoni. Kampuni yenye akili huacha msemo ulio hai, huchagua rangi zinazopendwa, na kuweka jina lake dogo pembeni. Kanga hiyo itafika harusini, na doti itagawanywa baina ya mama na binti, na jina dogo litasomwa na watu wengi kuliko lile kubwa.

Ratiba ya Ramadhani inanigusa zaidi. Ni karatasi moja tu, nafuu kuliko kalamu, na katika miji ya pwani kama yetu inabandikwa ukutani na kutazamwa mara mbili kwa siku kwa mwezi mzima. Sijui tangazo jingine linalotazamwa namna hiyo. Hata hivyo baadhi ya biashara huagiza ratiba iliyotengenezwa kwa saa za Dar es Salaam na kuigawa Mtwara kama ilivyo. Mtwara iko mashariki zaidi na kusini zaidi. Ramadhani inapoangukia Februari na Machi, kama ilivyo miaka hii, alfajiri ya huku inatangulia ile ya Dar es Salaam kwa dakika kadhaa. Mfungaji anayeifuata ratiba hiyo anaweza kuwa bado anakula daku wakati alfajiri yake imeshaingia. Zawadi ya namna hii inamharibia mtu ibada yake, na jina la kampuni liko juu ya karatasi. Dawa yake haina gharama: kumwendea imamu wa msikiti wa mji husika, kuzipitia saa pamoja naye, kisha kuchapa. Asiyeweza kufanya hivyo asitoe ratiba.

Upande wa wapinzani una mambo mazito pia. La kwanza ni fedha kuondoka mkoani. Sehemu kubwa ya fulana, kalenda na kapelo huagizwa Kariakoo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua kubwa, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga na mikoa ya kusini ikatengwa kwa njia ya barabara. Anayetegemea mzigo wa mbali kwa shughuli ya tarehe maalumu anajiweka kwenye hatari hiyo, huku mafundi cherehani wa Lindi mjini na wachongaji wa Kimakonde wakikaa bila kazi. Tangu katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza tarehe 1 Juni 2019, mfuko imara wa kitambaa ni kitu ambacho kila anayekwenda sokoni anakihitaji, na fundi wa hapa hapa anaweza kuushona. Pengine ungegharimu kidogo zaidi kwa kipande. Lakini fundi yule naye ni mteja, na atamweleza kila apitaye ni nani aliyempa kazi.

La pili ni kwamba watu wamezoea kupokea bila kulipa fadhila. Siasa imewafundisha. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa na takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, ikapata kibali, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilikwenda kinyume cha Katiba na kumbagua mgombea asiye na kitu. Wapiga kura walikwishajifunza kuvaa fulana ya huyu na kofia ya yule, kisha kupiga kura wanavyotaka. Mteja anafanya vivyo hivyo. Kuiona kapelo ya benki kichwani mwa mtu hakukuambii akaunti yake iko wapi. Anayepima mafanikio ya zawadi kwa kuhesabu fulana alizogawa uwanja wa Ngongo wakati wa Nanenane anajidanganya. Apime wangapi walirudi dukani, na ili ajue hilo lazima awe amewapa watu anaowafahamu, tena baada ya kununua, siyo umati unaopita.

La tatu wageni hawalioni kabisa: wakati. Kati ya Januari na Aprili, mvua ikinyesha na fedha ya korosho imekwisha, kuna nyumba ambazo akiba ya chakula inapungua. Hicho ndicho kipindi cha kangomba. Mtu anakuja na unga, au kanga, au fedha kidogo mkononi, anaonekana mwema, kisha msimu ukifika anachukua korosho kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo na kuipiga vita kwa miaka, lakini kumbukumbu yake iko kwenye kila kijiji. Kampuni halali inayogawa vitu mwezi Machi bila kueleza inataka nini itapokelewa kwa tabasamu na kwa wasiwasi. Mpokeaji atajiuliza deni litadaiwa lini. Wenye biashara wanaotoka nje ya kusini huutafsiri wasiwasi huo kuwa ni ukosefu wa shukrani, na wanakosea sana.

Sasa tufike kwa mnunuzi wa korosho mwenyewe, maana hapa ndipo ninapoachana na watetezi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hamchagui mnunuzi. Anapeleka mzigo AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unakwenda ghala kuu, na chama kikuu, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, kinauingiza mnadani. Siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa kidijiti wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya juu ndiyo inayochukua mzigo. Katika mpangilio huo, fulana aliyopewa mkulima wa Nanyamba haiwezi kumsaidia mnunuzi hata kwa shilingi moja. Basi zawadi ya mnunuzi ingekuwa na nguvu wapi? Kwa karani wa mizani. Kwa anayepima unyevu na kusema korosho hii ni daraja la kwanza na ile ni la pili. Kwa mtunza ghala anayejua mzigo wa nani utatoka kwanza. Yaani mahali pekee ambapo zawadi ingeleta faida ni kwa watu walioshika haki ya wengine mkononi.

Watasema ni kalamu tu, ni dayari ya mwaka mpya, ni kikapu cha sikukuu. Ninajibu kwa mfano wa watengenezaji wa dawa wa Marekani. Mwaka 2009, kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, waliacha kuwapa madaktari kalamu na vikombe vyenye majina ya dawa. Walikuwa wafanyabiashara wakubwa wenye kila sababu ya kutetea vikombe vyao, na bado waliona kwamba mtu anayeamua kwa niaba ya mgonjwa hafai kunywea chai kwenye tangazo. Karani wa mizani anaamua kwa niaba ya mkulima ambaye mara nyingi hayupo mzigo unapofika ghala kuu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 nayo haimgusi mtumishi wa serikali peke yake. Inamfikia pia anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine akipokea kitu ili apindishe kazi hiyo. Kikapu kinaweza kisiwe rushwa mbele ya hakimu. Kwa mkulima aliyekatwa kilo mbili kwenye gunia, maelezo hayo hayana maana.

Kuna na zawadi za kampuni kubwa kwa jamii nzima: jezi za timu ya kijiji, madawati, miamvuli ya wazee. Nitazipitia haraka. Mtwara ya mwaka 2013, ilipowaka moto kwa sababu ya bomba la gesi na watu wakapoteza maisha, ilikuwa inauliza kuhusu mapato na ajira. Mahali penye swali la aina hiyo, fulana inasomwa kama dharau. Kampuni iliyolipa ushuru wa huduma wa halmashauri kikamilifu, ule unaotozwa kwenye mauzo, na kuajiri vijana wa hapa, inaweza kutoa jezi na zikapendwa. Iliyokwepa ushuru ikatoa jezi imewarudishia watu punje ya gunia lao.

Kwa hiyo siungani na wanaotaka zawadi zifutwe kwenye bajeti. Muuza bati wa Ndanda, wakala wa pikipiki wa Ruangwa, mama mwenye duka la nguo Lindi mjini, wote wana haki ya kuwashukuru wateja wao na watanufaika wakifanya hivyo kwa kitu kizuri, kinachotumika, kinachotolewa msimu ukiwa wazi na deni halipo. Afadhali wateja 40 wapewe kanga bora kuliko watu 300 wapewe fulana inayochuja rangi kwenye maji ya kwanza. Mwenye biashara akiendesha bahati nasibu ya pikipiki, afuate taratibu za Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, maana droo isiyo na msimamizi huzaa maneno ambayo hakuna zawadi itakayoyafuta.

Ninachotaka kibadilike kiko upande wa ghala. Vyama vikuu viandike kanuni fupi: karani, mpima ubora na mtunza ghala hawapokei chochote kutoka kwa mnunuzi au msafirishaji, hata kalenda. Kitu kikiletwa, kiandikwe na kisomwe kwenye mkutano mkuu wa AMCOS mbele ya wanachama, jina la mtoaji likitajwa. Mnunuzi anayetaka kweli kuwafurahisha wakulima wa Tandahimba anunulie ghala mizani mpya iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, aikabidhi kwa chama hadharani, na aandike jina lake juu yake kwa herufi kubwa kadiri apendavyo.