Timu ya kampuni au timu ya tajiri: akiondoka kinabaki nini?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa hii mada lazima irudi kijiweni, kwamba timu ya mpira bora iwe ya kampuni au iwe chini ya tajiri mmoja mwenye hela na mapenzi. Wa Simba watakwambia tajiri, wa Azam (wale wachache unaobahatika kukutana nao) watakwambia kampuni, wa Yanga inategemea umewauliza mwaka gani.

Mi huwa nakumbuka Januari 2020. Fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, Simba kala 1-0 kwa Mtibwa Sugar, yaani timu ya kiwanda cha sukari cha kule Turiani imemfunga Mnyama na kikosi chake cha mabilioni. Mechi imeisha tu, Mo Dewji, tajiri wa Simba, kaingia Twitter kaandika kwamba anaachia uenyekiti wa bodi, mishahara inakaribia bilioni 4 kwa mwaka afu matokeo ndo haya. Watu hawakulala. Haikuchukua muda akasema bado yupo, mambo yakaendelea kama kawa, lakini wengine ndo siku hiyo tulielewa kwamba klabu iliyozaliwa 1936 inaweza kutikisika kwa posti moja ya simu ya mtu aliyekasirika.

Ila tusimwonee tajiri. Simba kabla ya hapo walikaa toka ubingwa wa 2012 bila kuuona tena mpaka 2018, halafu wakabeba minne mfululizo, na 2019 wakamchapa Al Ahly ya Misri 1-0 uwanja wa Mkapa na kuingia robo fainali Afrika. Hii ndo raha ya mtu mmoja, akitaka mchezaji anapiga simu usiku asubuhi jamaa yuko airport. Kampuni haiendi hivyo, kuna bajeti, kuna kikao, kuna mhasibu anauliza huyu straika anaongeza mauzo ya nini.

Shida ya tajiri utaiona siku akiondoka, na hapo wa kuulizwa ni Wananchi, yaani Yanga. Enzi za tajiri wao Yusuf Manji Yanga ilibeba ubingwa mitatu mfululizo, 2015 mpaka 2017, kambi Uturuki, maisha mazuri. Na 2016 wanachama wakaambiwa wamkodishe klabu miaka 10, yeye achukue asilimia 75 ya faida wao 25, na watu wakapiga makofi ukumbini! (Dili lenyewe halikufika popote, nashukuru.) Mei 2017 akajiuzulu. Msimu wa 2018/19 Yanga ile ile ikawa inatembeza bakuli, na hapa simaanishi msemo, kulikuwa na michango kabisa na kocha Mwinyi Zahera mwenyewe yuko mbele anahamasisha. Mjomba wangu, fundi cherehani pale Temeke, alituma elfu tano akanionyesha meseji ya muamala kama vile kanunua hisa. Niliona aibu na niliguswa kwa wakati mmoja, kwa sababu wachezaji waliokuwa wanadai mishahara walikuwa bado wanapambana na wakamaliza wa pili.

Sasa upande wa kampuni. Azam ilianza 2004 na vijana wa kazini kwenye kampuni ya Bakhresa, 2008 wako ligi kuu, 2014 mabingwa bila kupoteza mechi hata moja, na wana Chamazi yao. Uwanja wao, hosteli zao, akademi yao. Hao wakubwa wawili, Simba na Yanga, wana majengo ya Msimbazi na Jangwani yenye historia kubwa ila siku ya mechi wanatafuta pa kuchezea, Yanga wenyewe walikaa Chamazi kama wapangaji mpaka mwishoni mwa 2024 wakahamia uwanja wa KMC. Fikiria, timu ina mashabiki nusu ya nchi na ilikuwa inalipa kodi kwa timu ambayo mashabiki wake unaweza kuwahesabu jukwaani. Na ndo ugonjwa wa timu ya kampuni huo, imetulia mno. Azam wakitoka sare tatu hakuna anayelala njaa, hakuna mzee wa kuvamia mazoezini, tangu 2014 ubingwa haujarudi na maisha yanasonga.

Halafu tusidanganyane kwamba kampuni haiondoki. Waulize wazee wa Morogoro kuhusu Reli, Kiboko ya Vigogo, au Mtwara kuhusu Bandari, Moshi kuhusu Ushirika. Zilikuwa timu za mashirika, mchezaji anaajiriwa ana namba ya kazi, mshahara unatoka shirikani. Mashirika yalipoyumba na mengine kubinafsishwa, timu zikaondoka nayo, na hakuna aliyetembeza bakuli maana hazikuwa na wanachama wa kutembezewa. Kenya hivyo hivyo, SoNy Sugar bingwa wa 2006, mwishoni mwa 2019 wakafukuzwa ligi kuu kwa kushindwa kufika mechi tatu, hela hamna. Sukari ikidorora na mpira unadorora.

Na kuna kitu watu wanakiruka kwenye huu ubishi, hapa Bongo kampuni ni nani? Azam ni Bakhresa, MeTL ni Mo wa Simba, GSM ya Yanga ni Ghalib. Ni tajiri yule yule kavaa suti. Tofauti ninayoiona mimi ni kama hela inapita kwenye vitabu au inatoka mfukoni, ikitoka mfukoni kesho unaweza kuambiwa ulikuwa mkopo.

Kama unabisha kwamba hili linagusa hata mashabiki angalia sinema ya Singida. Timu ya DTB ilipanda daraja 2022, ikageuzwa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, afu ikawa Fountain Gate na kuhamia Babati, huku Ihefu ya Mbarali ikahamishiwa Singida na kuwa Singida Black Stars. Shabiki wa Ihefu aliyeiona ikimfunga Yanga pale Mbarali leo anashangilia nini? Hakuna aliyemuuliza. Mwenye timu kahama nayo kama mtu anavyohama na kabati lake.

Wajerumani wana Leverkusen, timu ya kiwanda cha dawa cha Bayer toka 1904, kiwanda kimesimama nayo zaidi ya miaka mia na 2024 ikabeba Bundesliga bila kufungwa, ila kumbuka wengine wengi kule sheria inawabakizia wanachama zaidi ya nusu ya kura. Sisi tumeiga kidogo, Simba mwekezaji asilimia 49 kwa bilioni 20 na wanachama 51, na Yanga nao wakapitisha ya kwao 2021. Kwenye karatasi ni nzuri sana. Ila mwenye 49 analipa mishahara yote na wenye 51 hawajui hata mkataba wa jezi umeandikwaje, sasa nani ana timu?

Ukinilazimisha nichague, nachagua kampuni, iliyo tayari kujenga uwanja kabla ya kununua straika, hata kama nitalala na kiu ya kombe miaka kumi. Najua mtanitukana, hasa nyie mlioonja robo fainali.

Juzi nilimuuliza mjomba asilimia 51 yake anaionaje. Akatoa kadi ya uanachama kwenye droo ya cherehani, imechoka kona zote, akaifuta vumbi akairudisha. Afu akaniuliza hivi yule kiungo mpya ameshatua au bado.